Kensa ya Matiti na Nasaba

Huenda mkashangaa kuona gazeti la karafuu likieleza habari za kensa, tena za Karatu. Lakini mkulima wa mikarafuu aijua nasaba. Mikarafuu yetu ya Unguja na Pemba ilianza mwanzoni mwa karne ya 19 kwa mbegu na miche michache iliyotoka visiwa vya Wafaransa. Penye asili ya wachache, ila ya mmoja huweza kuenea shamba zima.

Kwa wanadamu ni vivyo hivyo. Zimo mwilini jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, ambazo kazi yake ni kutengeneza maandishi ya urithi yanapokatika ndani ya chembe. Mwaka 1990 Bibi Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mahali ilipo ya kwanza. Yenyewe ikapatikana 1994. Katika wanawake 100 waliorithi moja iliyoharibika, wapata 70 hushikwa na kensa ya titi kabla ya miaka 80. Kensa ya ovari hushika 44 kwa BRCA1, na 17 kwa BRCA2. Hata hivyo wagonjwa walio wengi hawakurithi kitu.

Hesabu hizo zilitoka Ulaya zaidi, na hapo ndipo penye shida. Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, chini ya nyanda za Ngorongoro, wako Wahadzabe, elfu moja na ushei tu, wawindaji na warina asali. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha usomaji wa jeni zote za watu 15: Wahadzabe watano, Wasandawe watano, na watano wa misitu ya Kameruni. Zikaonekana tofauti milioni 13.4, nyingi hazijapata kuandikwa popote. Basi daktari akikuta badiliko kwa mwanamke wa Kiafrika, mara nyingi daftari humjibu kuwa maana yake haijulikani, na mama huyo hurudi nyumbani bila jibu. Kwa maoni yetu, waliotoa damu Eyasi wanastahili kuwa wa kwanza kufaidika.

Msidhani haya ni ya Wazungu tu: mwaka 2020 ilichapishwa habari kwamba jeni hizo zilizoharibika zilikutwa kwa wagonjwa wa Uganda na Kameruni.

Aliye na mama, dada, bibi au shangazi aliyeugua kensa ya titi au ya ovari amweleze daktari. Upande wa baba nao uhesabiwe, maana baba humrithisha binti sawasawa na mama, kila mtoto nusu kwa nusu. Na uvimbe wa titi, hata usiouma, upelekwe hospitali upesi.