Je, Wajua? Kifaranga Mwenye Kizibo Cheusi Tumboni

Je, wajua kwamba mwaka 1827, kwenye mlango wa mto Volga nchini Urusi, alivuliwa samaki aliyeandikwa kuwa na uzito wa kilo 1,571 na urefu wa meta 7.2? Jina lake beluga, wa ukoo wa stajoni, wale samaki wenye mayai yanayoitwa kaviari. Sasa shika hili: beluga anapototolewa hafiki hata sentimita 2!

Ukoo huu umekuwepo tangu enzi za dinosaria, na kiasili unapatikana nusu ya kaskazini ya dunia peke yake. Mifupa yao kwa sehemu kubwa ni gegedu, na ubavuni na mgongoni kumepangwa safu 5 za magamba magumu ya mfupa. Hao ni wakubwa lakini. Leo nakupeleka kwenye tangi la vifaranga, maana huko ndiko kwenye maajabu.

Tuanze na mama. Je, wajua kwamba ukimtazama stajoni kwa nje huwezi kujua kama ni dume au jike? Mfugaji humpima kwa ultrasaundi, kifaa kilekile cha kliniki ya wajawazito! Na subira inatakiwa: jike wa stajoni wa Siberia huchukua miaka 7 au zaidi kupata mayai shambani, na beluga hupita 15.

Na mfugaji anajuaje kwamba mayai yameiva tayari kutagwa? Anayachemsha! Anachukua machache tu kutoka tumboni mwa jike aliye hai, anayatia maji ya moto mpaka yagande, kisha anayakata katikati kwa wembe. Kama kiini kidogo cha chembe kimesogea karibu na ukingo wa yai, mama yuko tayari. Kama bado kiko katikati, anarudishwa majini akasubiri.

Hapo inafuata sindano. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi wa Kisovieti Nikolai Gerbilsky alionyesha kwamba ukimdunga stajoni maji ya tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, atakomaza mayai yake hata akiwa mbali na mto wake. Wewe unayefuga kambare unacheka, najua. Ndiyo, ni tezi hiyohiyo inayotolewa kwenye kichwa cha kambare dume na kudungwa jike kwenye vituo vyetu vya vifaranga!

Zamani mama alichinjwa ili mayai yatoke. Mwaka 1986 Mrusi Sergei Podushka akaleta njia nyingine: mkato mdogo kwenye mrija wa mayai, kisha tumbo linakandwa taratibu mpaka mayai yatiririke. Mama anarudi majini mzima, na baada ya miaka michache anazaa tena.

Haya, mayai yako kwenye beseni. Je, wajua kwamba yai la samaki wengi lina tundu 1 tu la kupitishia mbegu ya dume? Yai la stajoni lina matundu kadhaa, mengine zaidi ya 10! Na mbegu za dume wa stajoni zina kofia ya kutobolea kichwani, kitu ambacho mbegu za samaki wengi wa mifupa hazina kabisa, ila za binadamu zinacho. Zikishagusa maji zinaogelea kwa dakika chache tu, basi. Ni mbio.

Sasa sikia shughuli ya jikoni. Yai la stajoni likigusa maji huwa na gundi. Mtoni hiyo ni neema, linanata kwenye jiwe na mkondo hauliondoi. Kwenye tangi ni balaa: mayai yanashikana madonge, yanakosa hewa, ukungu unaota na kuyala. Kwa hiyo mfugaji anayaosha kwa udongo! Udongo laini wa mfinyanzi unakorogwa kwenye maji, mayai yanageuzwageuzwa humo kwa nusu saa hadi saa nzima, na gundi yote inafunikwa. Wengine hutumia poda ya talki, wengine maziwa, naam, maziwa ya ng'ombe! Wengine hutumia tanini, kemikali ya jamii ile inayoipa chai ukakasi wake.

Ngoja, usiondoke. Mayai ya samaki wengi hujigawa sehemu ndogo tu ya juu, kiini cha chakula kikibaki pembeni kama akiba. Yai la stajoni hujigawa lote, juu mpaka chini, kwa mtindo wa yai la chura. Na kiini hakining'inii nje ya mtoto: kimo ndani ya utumbo wake wenyewe, na kuta za mfuko huo ndizo zitakazokuwa tumbo. Kifaranga anazaliwa chakula kikiwa tayari kimeshapakiwa mahali pake!

Katika maji ya nyuzijoto 16 hivi, karibu wiki moja inatosha kutotoa. Hapo utawaona: sentimita 1 hivi, kichwa na kitambi vimeungana, mkia mwembamba nyuma, kama viluwiluwi vya chura hasa. Mdomo bado haujafunguka. Matamvua yamechomoza nje. Na bado anaogelea!

Tena anaogelea kwa namna yake. Anapanda wima mpaka juu ya maji, anaacha kupiga mkia, anazama polepole, anapanda tena. Mtoni mwendo huo humfanya achukuliwe na mkondo mpaka sehemu zenye makazi mazuri. Kwenye tangi ni burudani. Mtu unaweza kusimama hapo ukasahau kazi.

Siku chache baadaye wote wanabadilika ghafla. Wanashuka chini na kujikusanya mafungu, mamia kwa mamia, wamebanana mahali pamoja ingawa tangi ni tupu pande zote. Mgeni hudhani wanaumwa. Hapana, wako salama kabisa, wanamalizia kiini chao.

Sasa njoo karibu, hili ndilo nilipendalo kuliko yote. Je, wajua kwamba kifaranga wa stajoni huzaliwa akiwa na kizibo cheusi mwishoni mwa utumbo? Ni rangi ya melanini, jamii ya ile inayotia weusi kwenye nywele na ngozi yako. Inajikusanya humo siku zote anazoishi kwa kiini, ukiangalia kwa makini unaiona kupitia ngozi yake laini. Siku utumbo unapokuwa tayari kusaga chakula, kizibo kinatoka! Mfugaji anainama kila asubuhi kutazama sakafu ya tangi, na akiona vipande vidogo vyeusi vimetapakaa, anajua: leo wanakula. Mara nyingi ni siku ya 8 hadi ya 12 tangu kutotolewa, kutegemea joto la maji. Hakuna haja ya kubahatisha, vifaranga wenyewe wametoa taarifa.

Na utumbo huo umejengwa kinyumenyume! Sehemu ya nyuma hukomaa kwanza, tumbo na koo baadaye.

Siku hizo chache ndizo za hatari. Ukichelewa kulisha, wanadhoofika. Ukiwahi, chakula kinaoza na maji yanachafuka. Na wakikaa na njaa, wanaanza kung'atana mikia na mapezi. Wanang'atana kwa kutumia nini? Kwa meno! Je, wajua kwamba kifaranga wa stajoni ana meno madogo makali, ilhali mkubwa wa meta kadhaa hana hata moja? Mkubwa hufyonza chakula tu. Mfugaji wa kambare, hapa tena mnaelewana: vifaranga wako nao hawaaminiani.

Chakula cha kwanza chenyewe ni ajabu jingine. Wengi huwapa artemia, vijidudu wa maji ya chumvi ambao mayai yao hukaa makavu kwenye kopo kwa miaka. Tia mayai hayo kwenye maji ya chumvi yenye hewa na joto, na baada ya saa 24 hivi yameanguliwa, wanaogelea! Sehemu kubwa ya mayai hayo huvunwa kwenye Ziwa Kuu la Chumvi, jimbo la Utah, Marekani. Vifaranga hulishwa mchana na usiku, kidogo kidogo, kisha polepole wanazoezwa chakula cha unga na punje.

Lakini wanakionaje gizani? Hawakitafuti sana kwa macho. Mbele ya mdomo kuna masharubu 4 yanayoonja sakafu, na chini ya pua kuna vinyweleo vya fahamu vinavyohisi umeme mdogo unaotoka kwenye mwili wa windo. Zima taa, wataendelea kula!

Je, wajua kwamba kazi hii ina zaidi ya miaka 150? Filipp Ovsyannikov alirutubisha mayai ya stajoni kwa mkono kule Volga mwaka 1869. Marekani, Seth Green akafuata mtoni Hudson mwaka 1875.

Leo vifaranga hawa ni zaidi ya biashara. Mwaka 2022 shirika la uhifadhi IUCN lilitangaza kwamba aina zote za stajoni zilizobaki duniani zimo hatarini kutoweka. Stajoni wa Ulaya alizaa kwa mara ya mwisho mtoni huko Ufaransa mwaka 1994. Mwaka 1995 watafiti wakafaulu kuwatotolesha kituoni, na bila vifaranga wale ningekuwa nakusimulia habari za marehemu. Kando ya mto Milwaukee, Marekani, tangu 2006 wanalea vifaranga wa aina nyingine ya stajoni ndani ya trela linalovuta maji ya mto wenyewe, ili kifaranga akariri harufu yake na kuurudia atakapokuwa mkubwa!

Na Afrika? Nenda Madagaska, Ziwa Mantasoa, mashariki ya Antananarivo. Huko stajoni wanatotolewa, wanalelewa na kutoa kaviari, mbali kabisa na mito ya babu zao.

La mwisho, kaa vizuri. Mwaka 2020 watafiti wa Hungaria walitoa taarifa ya jambo ambalo hawakulikusudia. Walitaka mayai ya stajoni wa Urusi yaanze kukua bila mchango wa baba, wakatumia mbegu za samaki-kasia wa Marekani wakiamini haziwezi kuchanganyika: koo hizo mbili zilitengana zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita! Mayai yakatotoa mamia ya vifaranga chotara. Wengine walichukua zaidi sura ya mama, wengine wakasimama katikati ya wazazi wawili, na wote wakawa walaji nyama kama mama yao.