MODULI YA NURU: MLANGO WA MKONGO

Wazee wetu wengi wakisikia kwamba mkongo wa mawasiliano umefika Kigoma, hudhani kwamba kazi imekwisha, na kwamba kila shule na kila ofisi itapata intaneti mara moja. Sivyo. Mkongo ukipita barabarani hauwafaidii walio kando ya barabara mpaka uingizwe katika mitambo yao. Mlango wa kuingilia ni kidude kidogo kiitwacho moduli ya nuru, ambacho mafundi hukiita SFP. Kikinunuliwa kisichofaa, fedha zilizochangwa na wazazi hupotea, na kompyuta hukaa bila kazi. Kwa hiyo yafaa sote tukifahamu, hata sisi tusiokusudia kuwa mafundi.

Kwanza tutazame mkongo wenyewe. Ndani yake mna nyuzi za kioo safi, nyembamba kama unywele, nazo hubeba habari kwa nuru. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha chaweza kupeleka nuru mbali sana. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka huo huo mkongo wa baharini uitwao SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Serikali yetu ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa, ambao uendeshaji wake ulikabidhiwa TTCL. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200. Nuru ndani ya kioo hukimbia kama kilometa 200,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo safari hiyo huimaliza kwa sehemu 6 hivi katika sehemu 1,000 za sekunde.

Basi shida iko wapi? Shida ni kwamba mkongo hubeba nuru, lakini kompyuta, swichi na ruta hufanya kazi kwa umeme. Hapana budi awepo mkalimani kati yao, na mkalimani huyo ndiye moduli. Ndani yake mna leza ndogo inayogeuza umeme kuwa nuru, na kipokezi kinachogeuza nuru kuwa umeme. Urefu wake haufiki sentimeta 6, na huchomekwa katika tundu la swichi au ruta bila kuzima mtambo. Mwaka 2000 viwanda kadhaa vilipatana juu ya vipimo vyake, ili moduli ya kiwanda kimoja iingie katika tundu la kiwanda kingine. Faida yake ni kubwa: leza ikifa, hubadilishwa kidude tu, wala si mtambo mzima.

Lakini kuingia tunduni si sawa na kufaa. Moduli hutofautiana kwa umbali. Ile ya nuru ya nanomita 850 ni ya ndani ya majengo, haivuki mita 550 kwa mwendo wa gigabiti moja. Ya nanomita 1310 hufika kilometa 10 hivi, yaani yatosha kutoka bandari ya Kigoma mpaka Bangwe. Ya nanomita 1550 yaweza kufika kilometa 80, kwa kuwa nuru hiyo hupungua polepole: hubaki nusu baada ya kila kilometa 15 hivi. Hata hiyo isingetosha kuvuka ziwa hili mpaka Kalemie, ambako kwa mstari ulionyooka ni kama kilometa 130. Ingehitaji kusaidiwa na vikuza nuru.

Msidhani, basi, kwamba yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kali usiku, na taa hiyo ukiiona kutoka mbali ziwani yapendeza. Ukiwekewa mbele ya uso, huoni kitu. Vivyo hivyo moduli ya kilometa 80 ikiunganishwa kwa waya mfupi, nuru huzidi, na kipokezi chaweza hata kuungua.

Jambo la pili ni faiba inayoletwa majumbani na maofisini. Mara nyingi hutumika mtindo uitwao GPON. Uzi mmoja kutoka kituoni hugawanywa kwa kigawanyo kisichohitaji umeme, ukahudumia wateja 32 au 64. Nuru inayokuja kwa wateja ni ya nanomita 1490, na inayorudi kituoni ni ya 1310. Kwa kuwa wote hushirikiana uzi huo, kituo humpangia kila mmoja zamu ya kusema, kama mwalimu anavyowapa nafasi wanafunzi walionyosha mikono.

Kwa kawaida kampuni humwekea mteja kisanduku cha kugeuza nuru hiyo. Lakini ofisi yenye ruta yake yaweza kuchomeka moduli ya GPON ndani ya ruta, ikaepukana na kisanduku pamoja na waya wake wa umeme. Moduli hii yafanana kwa sura na SFP ya kawaida, na tundu ni lile lile, ila kazi ni tofauti. Ile ya kawaida haijui kungoja zamu. Tena hii ya GPON ina namba yake ya utambulisho, na kampuni isipoiandikisha namba hiyo, hakuna habari itakayopita. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha yapasa kuuliza mambo matano: Umbali ni kiasi gani? Uzi ni wa aina gani? Mwendo unaotakiwa ni upi? Upande wa pili hutumia nuru gani? Na je, ruta yetu huikubali moduli hii? Maana ziko ruta zinazokataa moduli za viwanda vingine ingawa zimeingia tunduni.

Mwisho, nawaonya wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, ambao hupenda kuchungulia kila tundu. Nuru ya faiba haionekani kwa macho, kwa hiyo ukitazama ncha ya uzi utadhani umezimwa, kumbe unawaka, na jicho lako laweza kudhurika. Wala msichezee nyaya za faiba zilizofukuliwa barabarani. Ndani hamna shaba ya kuuza, na uzi mmoja ukikatwa, wengi hukosa mawasiliano siku hiyo, pamoja na wagonjwa na wasafiri. Mkongo ni mali yetu sote, nasi tuutunze.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne