Fangasi Sugu Wodini: Kwa Nini Dawa Peke Yake Haitoshi

Mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi huweza kupata nafuu ya maradhi yaliyomleta, kisha akashikwa na homa mpya isiyoshuka kwa antibaiotiki. Fikra za wengi huelekea kwa bakteria, ilhali chanzo chaweza kuwa fangasi aliyeingia katika damu. Miongoni mwa fangasi hao, Candida auris anatia hofu kwa sababu mbili: huhimili dawa, na huhama kwa urahisi kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine.

Fangasi huyu alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 nchini Japani, baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa. Auris ni neno la Kilatini lenye maana ya sikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka katika kundi la hatari zaidi la fangasi wanaohitaji kushughulikiwa. Afrika Mashariki haikusalimika: katika hospitali moja ya rufaa jijini Nairobi, uchambuzi wa wagonjwa waliokuwa na kandida katika damu kuanzia mwaka 2010 hadi 2016 ulionyesha kuwa yeye ndiye aliyeongoza.

Dawa za kutibu fangasi ni chache kwa sababu seli ya fangasi hufanana na ya binadamu kuliko ya bakteria. Si rahisi kuiua moja bila kuidhuru nyingine. Kwa maambukizi ya damu, makundi makuu ni matatu: azoli kama flukonazoli, amfoterisini B, na ekinokandini. C. auris walio wengi hawasikii flukonazoli, na baadhi huhimili pia amfoterisini B. Ekinokandini ndiyo tegemeo la kwanza, lakini ni ghali na katika hospitali nyingi haipatikani kwa urahisi. Wapo hata wachache wanaohimili makundi yote matatu.

Maabara nayo inaweza kupotoshwa. Baadhi ya mbinu za zamani za utambuzi humchanganya fangasi huyu na jamaa zake, hasa Candida haemulonii. Hivyo, kandida isiyo ya kawaida, au isiyoitikia tiba, ipelekwe kwenye maabara yenye uwezo wa kutambua spishi na kupima usugu.

Namna anavyoenea ilidhihirika huko Oxford, Uingereza. Kati ya mwaka 2015 na 2017, wagonjwa 70, karibu wote waliowahi kulazwa katika kitengo kimoja cha mahututi, walipatikana na fangasi huyu, wengi wao akiwa juu ya ngozi tu bila kuwaletea ugonjwa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye vipimajoto vya kwapani vilivyotumiwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Vilipoondolewa, maambukizi mapya yalipungua.

Funzo lake ni wazi. Kila kifaa kinachogusa ngozi ya mgonjwa, kiwe kipimajoto au kipima shinikizo la damu, kiwe cha mgonjwa mmoja, au kitakaswe kikamilifu kabla ya kumfikia mwingine. Fangasi huyu huishi juu ya vitanda na meza kwa wiki kadhaa, na baadhi ya dawa za kusafishia hazimuui. Zenye klorini, zikichanganywa kwa kipimo sahihi na kuachwa kwa muda ulioelekezwa, humwangamiza. Mikono isafishwe kwa kitakasa chenye alkoholi, au kwa maji na sabuni ikiwa na uchafu unaoonekana. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Mpira wa mkojo na mirija ya mishipani iondolewe mara isipohitajika tena, na antibaiotiki zisitolewe bila sababu, kwani huwaondoa bakteria wanaomzuia fangasi kustawi. Mwenye fangasi kwenye ngozi pekee hahitaji dawa ya fangasi; huhitaji kutengwa kwa heshima, bila kunyanyapaliwa.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, hatari kwa mtu mwenye afya njema ni ndogo. Hata hivyo, wanawe mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa, na wasinunue dawa za fangasi kiholela. Aliyewahi kuambiwa ana C. auris aliseme hilo kila anapolazwa au kuhamishiwa hospitali nyingine, maana fangasi huyu huweza kukaa kwenye ngozi kwa miezi mingi. Taarifa hiyo moja huweza kuinusuru wodi nzima.