Twiga Ndani ya Ndege Ndogo: Je, Wataenea?

Ukisimama pale Adams Arcade ukingojea matatu ya kwenda mjini, huwezi kukosa kuinua macho. Makanga anaita abiria, na juu yake ndege ndogo inapita ikinguruma. Nyingi ya ndege hizo hutoka Uwanja wa Wilson, ng'ambo ya Kibera, uwanja uliopewa jina la Bi. Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Nimezitazama tangu nikiwa shule ya msingi. Ndiyo sababu, tulipopewa fomu za kuchagua kazi muhula uliopita, niliandika neno moja tu: rubani.

Darasa zima liliangua kicheko. "Wee Twiga, utaingilia wapi? Ama watakukunja kama godoro?" Mimi ni futi sita na inchi nne, na wanaocheza raga nami wanaujua mwili wangu. Nilicheka pamoja nao, lakini jioni nilishika kifutio mkononi. Bahati nzuri mjomba wangu ni fundi wa ndege pale Wilson. Siku moja ya likizo akaniombea ruhusa, nikaenda kuketi ndani ya ndege zilizoegeshwa. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa faida ya kila mrefu na kila mnene shuleni humu.

Jambo la kwanza ni nafasi. Tulianza na Cessna 152, ndege ya viti viwili iliyoundwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1985, na ambayo hadi leo hutumika kufundishia wanagenzi. Upana wake mabegani haufiki mita moja, na hapo mnakaa watu wawili! Nilisukuma kiti nyuma mpaka kikakataa. Mlango ukafunga, nikatabasamu.

"Usifurahi bado," mjomba akasema. "Hebu geuza usukani mpaka mwisho."

Nikageuza. Ukanigonga gotini.

"Basi hapo hurushi kitu, mjomba. Mlango kufunga si hoja."

Hoja ni hizi: usukani ugeuke hadi mwisho pande zote, miguu ifikie pedali bila kukanyaga breki kwa bahati mbaya, kichwa kisiguse dari hata ukishavaa vifaa vya masikioni. Tena, sisi warefu tunaosukuma kiti hadi tundu la mwisho lazima tuhakikishe kimejifunga barabara. Kiti kikiteleza nyuma wakati ndege inapaa, rubani huvuta usukani bila kutaka, na hiyo ni ajali.

Kisha nikaingia Cessna 172 ya viti vinne, ndege iliyoundwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani. Upana umezidi kidogo tu, lakini kiti kilirudi nyuma vizuri na goti likapona. Taabu ilikuwa moja: bawa liko juu, na macho yangu yalikuwa sawasawa na bawa lenyewe. Nikitazama kando naona bati tupu! Ilinibidi niiname ndipo nione nje. Kumbe mtaka cha mvunguni sharti ainame hata akiwa angani. Piper Cherokee ina mabawa chini na upana wake umepita mita moja kidogo, ila mlango ni mmoja tu, wa kulia, kwa hiyo rubani hupanda juu ya bawa na kujivuta hadi kiti cha kushoto. Halafu kuna Piper Super Cub, ambayo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori limeitumia kulinda mbuga zetu. Humo watu hukaa mmoja nyuma ya mwingine, hivyo mabega hayagombani kabisa.

Jambo la pili ni uzani, na hapa nina la kuungama. Mjomba aliponiuliza kilo zangu, niliona aibu nikasema 85. Akanitazama, akanipeleka kwenye mizani ya mizigo. Mshale ukasimama kwenye 96.

Hakunikemea. Alichukua kalamu tukapiga hesabu. Uzani wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa Cessna 152 ni kilo 757. Ndege yenyewe tupu, tuseme ni kilo 500. Zinabaki 257. Ikijaa mafuta, yanayotumika ni kama lita 93, na kila lita ni karibu kilo 0.72, yaani kilo 67. Zinabaki 190 za watu wawili na mizigo yao. Tuseme mwalimu ana kilo 100. Kwa zile 85 zangu za uongo, jumla ni 185, na karatasi inasema twende. Kwa 96 za kweli, jumla ni 196. Tumezidisha kilo sita wala hatujui!

Dawa ipo. Somo la saa moja halihitaji tangi lijae. Tukiweka nusu, mafuta yanakuwa kilo 33 hivi. Tunatosha, na akiba inabaki. Lakini dawa hiyo hufanya kazi kwa anayesema kweli tu.

Hapa Nairobi jambo hili si mchezo. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Injini ya kawaida ya ndege ndogo hupoteza kama sehemu moja kwa sita ya nguvu zake hapa, na mabawa nayo hupata hewa haba ya kuegemea. Ndege inayopaa vizuri Mombasa na watu wawili wazito, hapa itajikokota, hasa jua la mchana likiwaka. Mtu mzito ni heri achague asubuhi na mapema, ama ndege yenye nguvu zaidi, ingawa saa moja ya ndege kubwa hugharimu zaidi.

Jambo la tatu ni mahali uzani ulipo. Mnaikumbuka kanuni ya momenti kwenye fizikia? Ndege ni kama pembea ya watoto. Kila kilo huzidishwa kwa umbali wake, na jumla ni lazima iangukie ndani ya mipaka iliyoandikwa katika kitabu cha ndege. Kwa hiyo kiti kikirudishwa nyuma, hesabu nayo hubadilika.

Basi, enyi warefu na wanene wenzangu, msifute ndoto kwa sababu ya kicheko. Daktari wa marubani hupima macho, masikio, moyo na mengineyo. Hatafuti watu wafupi. Kabla hujalipa hata shilingi moja, omba kuketi ndani ya ndege pamoja na mwalimu atakayekufundisha, geuza usukani mpaka mwisho, kisha pigeni hesabu. Na ukiulizwa kilo zako, taja zote. Uongo wangu wa kilo 11 ulikuwa na uzito wa lita 15 za mafuta.

Fomu yangu niliirudisha kwa mwalimu bila kufuta kitu. Pale penye nafasi ya maelezo niliongeza: "Rubani, kilo 96."