Wacheza Sarakasi wa Bwana Léger

Wako wasemao kwamba picha isiyofanana na yale macho yanayoyaona haiwezi kuwa mali ya mfanyakazi. Hao twawaomba waitazame kazi ya marehemu Fernand Léger wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1955.

Mtu huyu, mwana wa mfuga ng'ombe, alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Ndani ya mahandaki aliwapenda wenziwe, watu wa jembe na wa machimbo, na akastaajabia chuma cha mzinga kiking'aa juani. Mwaka 1918 alichora sarakasi ya Medrano ya mjini Paris, nayo aliirudia hadi uzeeni. Picha yake kubwa, "La Grande Parade", aliimaliza mwaka 1954. Upana wake wapata mita 4. Humo wamo wacheza sarakasi, wachekeshaji na farasi, wamechorwa kwa mistari mizito myeusi. Lakini rangi haitii mistari hiyo. Pande kubwa za buluu, nyekundu na manjano zapita juu ya miili kana kwamba hazikuiona. Bwana Léger alisimulia kuwa jambo hilo alilipata New York wakati wa vita vya pili, alipoona taa za matangazo zikimgeuza mtu uso, mara buluu, mara manjano.

Hakuna sakafu katika picha hiyo, wala ukuta. Je, hilo ni kosa? Sisi twaona kinyume chake: aliyepinduka miguu juu hewani, sakafu yake ni ipi? Mchoraji ameichora nafasi kama aionavyo mrukaji, si kama aionavyo mtazamaji kitini.

Bwana Léger, aliyejiunga na Chama cha Kikomunisti mwaka 1945, hakuogopa hukumu ya wafanyakazi. Mwaka 1953 picha zake za wajenzi zilitundikwa katika chumba cha kulia cha kiwanda cha Renault. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kwanza walicheka, wakisema watu wenye mikono ile hawawezi kazi. Baada ya siku chache walianza kuziinulia macho wakila.

"La Grande Parade" ni mali ya jumba la Guggenheim, New York. Laiti ingalitundikwa penye sahani na vikombe.