Je, mishahara minono hujaza viwanja?

Wewe uliyezoea kulipa kiingilio uwanjani, hebu jiulize: timu ikimwagia wachezaji pesa, je, viti hujaa? Chukua kalamu tupige hesabu ya besiboli ya Marekani ya mwaka wa 2008.

Mwaka huo New York Yankees waliwalipa wachezaji wao karibu dola milioni 209. Tampa Bay Rays wa Florida walilipa kama milioni 44 tu. Yankees walipata watazamaji milioni 4.3, nao Rays kama milioni 1.8.

Lakini usikimbilie kusema kuwa pesa ndizo zilizowaita. Rays walishinda mechi 97 na kufika fainali, Yankees wakashinda 89 na kuachwa nje ya mchujo. Mbona basi watu walifurika New York? Mji huo una zaidi ya watu milioni 8. Isitoshe, ulikuwa msimu wa mwisho wa uwanja wao uliofunguliwa mwaka wa 1923, na wengi walikwenda kuuaga.

Sasa gawanya. Mishahara ya Yankees ilikuwa karibu dola 49 kwa kila mtazamaji, ya Rays kama 24. Pengo hilo huzibwa na tiketi, televisheni na matangazo ya biashara, yaani, mwishowe, na mfuko wa shabiki na jamaa yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukisikia timu yako imenunua nyota, furahi, lakini uliza pia ni nani atakayelipa.