Asiyekuwepo na lake halipo: Nani wa nyumbani kwako anaenda mkutano wa kijiji?

NI asubuhi ya baridi, mwezi wa Juni. Jana jioni mgambo alipita akipuliza filimbi na kutangaza: kesho saa tatu asubuhi, mkutano wa kijiji, uwanja wa shule, wote mnatakiwa kufika. Nyumbani baba anasema ana mahindi ya kuvuna. Mama anasema hayo ni mambo ya wanaume. Kijana anacheka, anasema hiyo ni siasa na yeye haimhusu. Bibi peke yake ndiye anayejitanda khanga yake, anachukua fimbo na kutoka.

Jioni bibi anarudi na habari. Kila kaya itatoa mchango wa darasa, na lile eneo la kijiji nyuma ya mlima, ambalo watu hukata kuni na kuchungia, limeombwa na mtu anayetaka kupanda miti. Nyumba nzima inakuja juu: nani kakubali? Bibi anaketi, ananyoosha miguu, anajibu: “Waliokuwepo.”

Mpendwa msomaji, ukiwa Kilolo au Mufindi, Rungwe au Mbarali, kisa hiki si kigeni kwako. Wengi wetu tukisikia neno siasa tunafikiria kampeni, fulana na magari ya matangazo. Mwenyekiti wa kijiji tunamchagua mara moja kila baada ya miaka mitano. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 27, 2024. Lakini sheria inataka mkutano wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Piga hesabu: kati ya uchaguzi mmoja na mwingine kuna mikutano 20. Familia inayopiga kura na kukosa mikutano yote hiyo imeshiriki siku moja tu.

Mkutano una nguvu gani?

Mkutano wa kijiji si wa viongozi. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliofikisha miaka 18, mwanamume na mwanamke, msomi na asiyesoma. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo.

Kubwa zaidi ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Ndiyo sababu karatasi ya mahudhurio ina uzito. Katika nyanda zetu ambako miti ya mbao, chai na parachichi vimeipandisha thamani kila ekari, sahihi za watu wachache waliofika zinaweza kuamua wajukuu wetu watalima wapi.

Sheria hiyo pia imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Hapo ndipo migogoro ya mipaka huanza kusuluhishwa. Mjane anayesukumwa nje ya shamba la marehemu mumewe ana faida kubwa akiwakuta hapo wanawake wenzake. Lakini wajumbe hao wanathibitishwa na mkutano ule ule ambao mama alisema ni wa wanaume.

Tujifunze kwa jirani

Huko Iringa, vijiji 21 vya Idodi na Pawaga, kando ya Hifadhi ya Ruaha, viliungana katika jumuiya ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Vilitenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori ili vipate mgawo wa mapato ya uwindaji na utalii. Kijiji hakiingii katika mpango wa namna hiyo bila wananchi kuridhia mkutanoni. Na mgawo ukishafika, kazi haijaisha: lazima awepo mtu wa kusimama na kuuliza umejenga nini.

Upande wa Mbeya, bonde la Usangu, mgogoro ni wa maji. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, huku wakulima wa mpunga, wafugaji na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu wote wakiutegemea. Wakulima wa huko wameunda jumuiya za watumia maji, wakapangiana zamu za kufungulia mifereji. Anayekosa kikao cha kupanga zamu hulalamika mpunga ukishakauka.

Pa kuanzia

Kwanza, ulizeni ajenda mapema kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Mkiijua, mzungumze nyumbani usiku ule, ili anayekwenda abebe neno la familia nzima.

Pili, ulizeni mapato na matumizi. Hili wengi wanaliogopa wasije wakaitwa wakorofi au wapinzani. Kuuliza fedha ya kijiji si upinzani. Ni sawa na kumuuliza mtoto uliyemtuma dukani chenji iko wapi. Uliza kwa heshima, na usiwe peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kisha hakikisheni swali na jibu vimeandikwa katika muhtasari.

Tatu, msisubiri uenyekiti. Kuna kamati ya shule, kamati ya zahanati na chombo cha watumia maji. Huko ndiko dawati la mtoto, dawa ya bibi na bomba la mama vinakojadiliwa.

Nne, vijana: halmashauri za wilaya, miji na majiji zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa. Muone ofisa maendeleo ya jamii, na umuulize diwani wako fedha hiyo imefika wapi.

Tano, mkutano usipoitishwa au jibu lisipopatikana, andikeni barua na mbaki na nakala. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kukujibu. Kijijini pakikwama, nendeni kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Sita, uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, msitegemee kadi ya mpiga kura pekee. Mwaka 2024 wapiga kura waliandikishwa upya katika orodha ya mtaa, kijiji au kitongoji wanachoishi, kwa siku 10 tu, kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Wapo waliofika siku ya kura na kadi zao mkononi wakarudi nyumbani bila kupiga.

Zamu iwe ya nyumba nzima

Hatusemi mahindi yaozee shambani. Pangeni zamu: leo baba, safari ijayo mama, nyingine kijana aliyetimiza miaka 18. Anayebaki achunge watoto na kupika, hata kama ni baba. Aliyekwenda akirudi asimulie wakati wa chakula, watoto wakisikia. Mtoto aliyezoea kusikia mama yake ameuliza swali mkutanoni hatakuja kusema akiwa mkubwa kwamba siasa haimhusu.

Na siku mgambo atakapopita tena na filimbi yake, msimwache bibi aende peke yake.